Mtetezi wa Gathogo

Jumamosi moja ya Juni, mwaka wa 1958, treni ya kwenda Ruiru na Nairobi ilichelewa, na stesheni ya Thika ikajaa mpaka hapakuwa na pa kuweka mguu. Wanawake walikalia magunia yao ya viazi. Vibarua wa viwandani, wengine wakinukia mananasi na wengine ngozi mbichi, walibishana juu ya mpira wa kesho. Langoni askari wawili walikagua pasi za kusafiria za Wakikuyu, wakiwapitisha mmoja mmoja, na kila aliyepita alifunga upya vifungo vya koti lake kana kwamba alikuwa amevuliwa nguo.

Magdalene alikuwa katikati ya foleni hiyo. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe, na viatu vyeusi vya kisigino kifupi ambavyo tayari vilikuwa vimemchosha. Aliuza vitambaa na blanketi katika duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Jivraj, na ndiye aliyepokea simu, kwa sababu Kiswahili cha Jivraj kiliwakimbiza wateja. Mjini walimjua kwa jina la ubatizo tu. Jina lake la nyumbani, Ngendo wa Gathogo, hakulitaja mbele ya mtu yeyote, maana babake ndiye aliyekuwa Mwalimu Gathogo wa Ruiru.

Nyuma yake mzee mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, bila kupunguza sauti, "Yule Mwalimu Gathogo aliwapoteza watu. Alifia kizuizini, na afadhali."

"Samahani, mzee," mtu akasema kutoka nje ya foleni. "Aliyoyasema Gathogo uliyasikia mwenyewe, ama uliambiwa?"

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye tai nyekundu na suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka. Elisha Opiyo, mtu wa Nyanza, hakuhitaji kupanga foleni ya pasi. Angekuwa ameshaingia na kupata kiti. Lakini alikuwa amelisikia jina la Gathogo, na kila alipolisikia miguu yake ilirudi nyuma yenyewe.

"Wewe Mjaluo," mzee akasema, "mambo yetu yanakuhusu nini?"

"Yananihusu. Mwaka wa hamsini na moja alikuja shambani kwetu, akasimama karibu na mashine ya kahawa. Akasema ardhi ni ya mkono unaoilima, hata kama mkono huo umetoka Nyanza. Akaninyoshea kidole mimi. Nilikuwa kibarua, kusoma nilikuwa nabahatisha. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu wa hapa aliyekuwa amenihesabu."

"Na akawaambia watu wasiape kiapo cha watu wa msituni. Wangapi walikufa?"

"Alisema mtu asiapishwe kwa panga shingoni, si na watu wa msituni, si na serikali. Hilo ndilo kosa lake?"

Ndilo lilikuwa kosa lake, kwa pande zote. Serikali ilimfunga kama mchochezi. Watu wa msituni, waliopigana na wazungu, walimwita mbwa wa serikali. Wenye mashamba walisema anataka kugawia wageni ardhi ya babu zao. Alikufa kambini kwa homa ya matumbo, na miaka mitatu baadaye watu walikuwa bado wanagombana naye kama jirani wa mpakani.

Magdalene alikuwa amechoka na ugomvi huo tangu utoto. "Huyo kibarua aliyenyoshewa kidole," akasema, akigeuka nusu tu, "alipata shamba?"

Foleni ikacheka. Opiyo akamtazama, kisha naye akacheka.

"Bado," akasema.

"Basi kidole chenyewe hakikuwa na nguvu sana."

Ndani ya treni Opiyo alimtafuta behewa kwa behewa, akajipenyeza mpaka akakaa mkabala naye, magoti yake yakigusana na gunia la mtu.

"Umenikata mbele ya watu, bibi."

"Ulikuwa unajikata mwenyewe. Mimi nilishika tu kisu."

"Ngoja kidogo. Sauti hii naijua." Akafumba macho. "'Duka la Jivraj, habari ya asubuhi.' Wewe ndiye uliyeniletea blanketi zenye matobo mwezi uliopita."

Magdalene akashika mdomo. "Kumbe wewe ndiye karani wa shamba la kahawa. Unayezungumza kama unahutubia baraza."

"Na wewe ndiye uliyeniambia matobo ni ya kupitisha hewa."

Walicheka mpaka mwenye gunia akawatazama vibaya. Waliposhuka Ruiru, jua lilikuwa bado juu ya miti ya kahawa, na Opiyo alikuwa ameshamuuliza mambo kumi na kujibiwa matatu.

Tangu wiki hiyo shamba la Ruiru likawa na uhitaji mkubwa wa bidhaa. Opiyo alipiga simu bwana wake akiwa shambani, akinena harakaharaka, jicho dirishani.

"Duka la Jivraj, habari ya asubuhi."

"Nataka bei ya uzi."

"Uzi gani?"

"Wa kushonea moyo uliopasuka, dia wangu."

"Huo tumeishiwa. Kuna wa magunia."

"Nipe huo huo. Jumapili utanipa mkononi?"

"Jumapili naenda kanisani."

"Na baada ya kanisa?"

"Baada ya kanisa nina njaa."

"Basi nitakuwa nje na— Ndiyo, bwana. Naagiza dawa ya kupulizia, bwana." Simu ikakatika, na Magdalene akabaki ameshika mkono wa simu, akitabasamu mbele ya vitambaa. Jivraj akauliza ni mteja gani huyo anayenunua kidogo na kuzungumza sana.

Jumapili walikunywa chai na mandazi katika hoteli ndogo nyuma ya soko, kisha wakatembea mpaka maporomoko ya mto Chania, ambako sauti ya maji iliwaruhusu kusema walichotaka. Magdalene alimpenda kwa jinsi alivyosikiliza kwa mwili mzima, ameinama mbele. Naye Opiyo alipenda ulimi wake, na jinsi alivyovua viatu vile bila haya na kutembea pekupeku kwenye nyasi, gauni limeshikwa kwa mkono mmoja.

Lakini mazungumzo hayakwenda mbali kabla ya Gathogo kuingia. Gathogo alisema hivi juu ya mshahara. Gathogo angesema vile juu ya wazungu kuondoka.

"Elisha, katika mapenzi haya tuko watatu," alimwambia siku moja. "Na huyo wa tatu hanyamazi."

"Ungemsikia ungempenda."

"Na kama ungeishi naye, je?"

"Ningemshukuru Mungu kila asubuhi."

Magdalene alitazama maji. Mara nyingi aliamua kumwambia, na mara nyingi alinyamaza. Aliogopa kuona macho ya Opiyo yakibadilika, yakiacha kumtazama yeye na kuanza kumtafuta mtu mwingine usoni pake. Alisema babake alikufa kwa homa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba mamake anaishi kijiji cha juu ya Ruiru, jambo ambalo pia lilikuwa kweli.

Januari habari ikaenea Ruiru kwamba kamati ya shule inataka kubadilisha jina. Shule hiyo Gathogo aliianzisha kwa mabati ya kuombaomba. Serikali iliifunga, kanisa likaifungua tena, na watu hawakuacha kuiita kwa Gathogo. Mwenyekiti wa kamati, Simeon, alisema aibu hiyo iishe. Wazazi wangekutana siku ya Jumapili, kwa ruhusa ya Bwana Shauri, afisa mzungu wa wilaya, na kuamua.

"Nitasema," Opiyo akasema kwenye simu. "Watoto wa vibarua wetu wanasoma pale, wamenichagua. Njoo unisikie."

"Sitaki. Na wewe usiende. Utafukuzwa kazi."

"Kwa kusema neno?"

"Watu wamepoteza zaidi ya kazi kwa neno, Elisha."

"Unaongea kama hao wanaomtukana."

Opiyo akakata simu yeye kwanza.

Jumamosi kabla ya mkutano, Opiyo alipata wazo. Aliambiwa mjane wa Gathogo bado yuko hai, kule kijiji cha juu. Alinunua sukari na majani ya chai, akavaa ile tai nyekundu, akapanda kilima akiuliza njia. Akaonyeshwa nyumba ya udongo yenye ua wa maua ya njano. Mbele yake mwanamke mzima alikuwa amekaa kwenye kigoda, na nyuma ya mwanamke huyo alisimama Magdalene, pekupeku, akimsuka nywele mamake.

Magdalene aliachia msuko. Kisha yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Nyawira, akauliza, "Ngendo, huyu ni nani?"

"Ni mtu amekuja kumtafuta baba," Ngendo akajibu.

Akamtoa nje ya ua, mpaka kwenye njia ya kwenda mtoni. Opiyo alikuwa bado ameshika sukari.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba nakusimulia baba yako, na wewe unacheka kimoyomoyo."

"Sikuwahi kucheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungefurahi. Tazama uso wako, hata sasa, na hasira yako yote, unafurahi. Ulikuja kumtafuta yeye. Hukuja kunitafuta mimi."

"Ngendo—"

"Niite ulivyozoea. Nyinyi mlipata maneno yake, Elisha. Sisi tulipata yaliyobaki. Nyumba yetu ilichomwa. Shuleni nilifukuzwa kwa sababu ya jina. Ilibidi makarani wanibatize upya, jina la baba likiachwa, ndipo nipate pasi ya kufanya kazi Thika. Na ngoja nikuambie jambo la shujaa wako, ulipeleke huko kesho." Alitazama nyuma kama mamake anasikia. "Watu wa msituni walipokaribia kijiji chetu, alituita mimi na mama. Akasema, wakija, apeni. Aliwaambia watu wasiape, lakini sisi tukaapa. Kwa amri yake. Sasa enda ukamtetee."

Opiyo aliweka sukari na chai kwenye jiwe, kama mtu anayeweka kitu kilicho moto, akashuka kilima bila kusema kwaheri. Hakulala vizuri. Mambo mawili yalimgonga kichwani kwa zamu, kwamba mtu aliyempenda alikuwa amemficha ukweli, na kwamba mtu aliyemheshimu alikuwa na maneno mawili.

Jumapili darasa kubwa lilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Simeon alikaa mbele, amevaa suti ya kijivu na beji ya kanisa. Alikuwa ndugu wa damu wa Gathogo, mdogo wake, na labda kwa sababu hiyo hakuna aliyemshambulia marehemu kwa bidii kama yeye.

"Kaka yangu alipenda mawazo kuliko watu," akasema. "Aliketi katikati, akawaita wengine waketi naye, na kila upande ukawapiga. Tutawafundisha watoto jina hilo?"

Watu walinung'unika, wengine kwa kukubali. Opiyo akasimama. Alikuwa na maneno mazuri aliyoyapanga wiki nzima, juu ya ardhi na jasho na heshima ya kibarua, na aliyasema vizuri. Watu wa Nyanza na wa Ukambani waliokuwa nyuma walipiga makofi. Alisema mtu aliyesimama katikati hakutafuta usalama, kwa kuwa usalama ulikuwa pande zote mbili isipokuwa hapo. Hata wazee wawili watatu wakaitikia.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama karibu na ukuta. Aliitwa Idah. Alivaa kitambaa cheusi kichwani, na watu waligeuka kumtazama kabla hajafungua mdomo.

"Mimi sijui kuhutubu," akasema. "Mume wangu Waithaka alimsikiza Gathogo. Watu wa msituni walikuja wakamwambia aape, akakataa. Nilimkuta asubuhi kwenye mtaro. Gathogo alikuja kuchimba kaburi, hakuniangalia usoni. Mimi nauliza swali moja tu, karani. Mke wa Gathogo na mtoto wake, wao walikataa kuapa? Maana wako hai."

 Opiyo alijua jibu. Angesema hapana, angekuwa ameweka shingo ya Ngendo na ya mamake mbele ya Simeon, ambaye Jumatatu asubuhi angekuwa ofisini kwa Bwana Shauri, kwa kuwa wanawake hao hawakuwahi kukiri serikalini kwamba waliapa. Angesema ndiyo, walikataa, angekuwa amemdanganya mjane usoni na kushinda.

"Mama," akasema mwishowe, "hilo siwezi kukujibu."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi kukudanganya. Na zaidi ya hapo siwezi."

Mtu akacheka. Mwingine akasema mtetezi ameishiwa. Opiyo akaketi. Walipoinua mikono, jina la Gathogo likaondolewa.

Kwenye dirisha la tatu, katikati ya wanawake waliofunika vichwa, Ngendo alikuwa ameona yote. Alikuja akitaka kumwona akishindwa. Alimwona akishindwa kwa ajili yake.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda kwa Idah, akamkuta akipalilia maharagwe. Alijua anachokifanya. Idah angeweza kupiga kelele tu, na pasi ya Ngendo ingechanwa kabla ya chakula cha mchana.

"Tuliapa," akasema, amesimama kwenye mitaro. "Baba alituambia tuape. Ilikuwa wiki ile mlipomzika Waithaka."

Idah aliacha jembe ardhini.

"Alirudi kutoka kaburini akakaa mlangoni siku nzima, hakula. Jioni akasema, mimi nimemuua mtu kwa mdomo. Hakumwambia mtu yeyote tena asiape. Yeye mwenyewe hakuapa, aliwangoja tu hao wa msituni waje. Serikali ikamchukua kwanza. Kila mtu alifikiri amenyamaza kwa uoga, na mimi pia nilifikiri alituthamini sisi kuliko mume wako. Jana ulipouliza ndipo nilipokumbuka ilikuwa wiki gani."

 Idah akapangusa mikono kwenye shuka yake.

"Kwa hivyo alijua," akasema.

"Alijua."

"Angefaa aje kuniambia."

"Ndiyo. Angefaa."

"Mwoga wa mjane," Idah akasema, lakini bila sumu. Akainama akachukua jembe. "Rudi kazini kwako, msichana. Mimi na ofisi hatuna urafiki."

Opiyo alikuwa akifunga sanduku lake. Bwana wa shamba alikuwa amesikia juu ya mkutano, akampa mpaka mwisho wa juma. Chumba chake cha mabati kilikuwa tupu, isipokuwa kitanda na ile tai nyekundu iliyoning'inia msumarini. Alipogeuka, Ngendo alikuwa mlangoni, viatu mkononi, matope mpaka vifundoni.

"Ulijua jibu," akasema. "Ungenitupa mimi uwe mkweli, ama ungedanganya ushinde. Kwa nini hukufanya moja?"

"Nilikuwa bado na hasira na wewe," Opiyo akasema. "Lakini si ya kukutupa."

"Umepoteza kazi."

"Nimepata nyingine. Kiwanda cha ngozi Thika wanataka karani. Inanuka."

"Nitazoea." Akaketi kitandani, akamwambia yote aliyomwambia Idah. Opiyo alisikiliza kwa mwili mzima, ameinama mbele. Ngendo alipomaliza, Opiyo hakusema neno juu ya Gathogo, na Ngendo aliona jinsi kujizuia kulivyomgharimu.

"Unaweza kumtaja," akamwambia, akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni baba yangu. Lakini mara moja kwa wiki."

"Na siku nyingine nizungumzie nini?"

"Mimi."

Akamshika mikono yote miwili. "Sina ng'ombe, Ngendo. Kwetu ni mbali, na kwenu watasema umeolewa na mtu asiyetahiriwa. Utanikubali?"

"Wameshasema mabaya kuliko hayo juu yetu," akajibu. "Nitakukubali. Lakini kwanza utakwenda kwa mama, na safari hii usimwulizie mumewe."

Nyawira alimwuliza mambo ya kawaida tu, kama anakunywa pombe, kama mamake yuko hai, kama atamruhusu mtoto wake kuja kumwona. Mwishowe akasema marehemu mumewe pia alikuwa mwembamba, na akapika chai kwa ile sukari. Simeon alikataa katakata. Alisema mtoto wa kaka yake hataolewa na Mjaluo aliyemtukana mbele ya kamati, na kwamba yeye hatakanyaga harusi hiyo.

Walioana Agosti, katika kanisa dogo la Thika. Ngendo alivaa gauni jeupe la satini, zawadi ya Jivraj, aliyekuwa amelalamika juu ya bei yake huku akilifunga kwa karatasi. Upande wa bwana harusi ulijaa vibarua wa kahawa na wa ngozi. Upande wa bibi harusi walikuwa wachache, wamekaa mbalimbali, wakiangalia mlango kila ulipofunguka.

Kasisi alisoma mpaka akafika mahali pa kuuliza, "Ni nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe na mwanamume huyu?" Alimtazama Nyawira, kisha akatafuta mwanamume wa ukoo. Hapakuwa na mtu. Ngendo aliangalia mbele.

Benchi lililia nyuma. Idah alikuwa amesimama, na kitambaa chake kilikuwa cheupe.

"Mimi," akasema.

Kasisi alisita. Nyawira aliitikia kwa kichwa. Basi Idah akapita katikati ya kanisa bila haraka, akamfikia Ngendo, akaushika mkono wake na kuuweka katika mkono wa Opiyo, akaukandamiza hapo kwa muda kabla ya kuuachia.